Kikohozi cha Mpiga Tarumbeta

Kwenye makaburi ya kijiji chetu cha Donja Vrba, si mbali na lango, lipo jiwe jeusi linalong'aa lenye picha ya mwanamume wa masharubu aliyekumbatia tarumbeta. Jina limechongwa vizuri: Svetozar Stamenković. Mwaka wa kuzaliwa umechongwa. Baada yake kuna kistari, na baada ya kistari hakuna kitu, kwa sababu mwenyewe yu hai. Kila Jumamosi huja na kitambaa cha kung'arishia viatu, akalifuta jiwe lake vumbi, na akikuta ndege ameacha alama kwenye masharubu, humtukana ndege huyo pamoja na ukoo wake wote.

Kujiwekea jiwe ukiwa hai si ajabu huku kusini mwa Serbia. Wengi hufanya hivyo, hasa wasiowaamini warithi wao. Lakini Svetozar hana ugomvi na warithi. Yeye alilisimamisha jiwe lile kwa sababu ya kikohozi, na habari ya kikohozi haieleweki bila kumtaja kaka yake, Blagoje.

Ndugu hao wawili ndio waliokuwa bendi ya kijiji. Svetozar alipiga tarumbeta na kuongoza, Blagoje alipiga ngoma kuu, na nyuma yao walikuwepo wengine watano au sita. Harusi, ubatizo, kijana kuingia jeshini, mazishi: huku kwetu mtu haji duniani wala hatoki kimyakimya. Blagoje aliibeba ile ngoma tumboni tangu ujana wake, akitembea mbele ya maharusi kupanda na kushuka vilima, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika miguu.

Halafu kwenye kituo cha afya wakampima presha, wakakuta imepanda sana. Akapewa vidonge.

Sasa, Blagoje alikuwa msomaji. Alisoma chochote kilichoandikwa, hata pakiti ya chumvi. Siku hiyo hiyo, mezani kwa mdogo wake, alikunjua ile karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa, ndefu kuliko taulo, akaanza kuwasomea watu wanaokula: kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kuumwa kichwa, kuvimba vifundo vya miguu. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameyapata yote.

"Hata yale ya wajawazito ameyapata," Svetozar alikuwa akiwaambia watu kilabuni, nao wanacheka.

Lakini miguu ilivimba kweli. Jioni soksi zilimwachia Blagoje mfereji kuzunguka mguu, na viatu vyake vya kazi havikuingia tena. Akamwambia mdogo wake, si mara moja, kwamba mpiga ngoma asiyeweza kuvaa viatu ni sawa na mlemavu. Svetozar naye, mtu wa mizaha tangu utotoni, alikwenda gulioni akanunua viatu vyeusi vikubwa mno, akavifunga utepe mwekundu, akamkabidhi kaka yake mbele ya bendi nzima.

"Chukua, kaka! Mtu mwenye kichwa kikubwa namna hii, miguu nayo ilikuwa inachelewa tu!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Blagoje alicheka pia. Kisha akaenda nyumbani na bila kumwambia mtu akaacha kumeza vidonge. Baada ya muda miguu ilirudi kama zamani, akaja kumwonyesha mdogo wake, amevua soksi kabisa, anajishika vifundo kwa furaha.

"Tazama, mifupa inaonekana! Nimeachana na ule upuuzi."

"Afadhali," Svetozar alisema. "Umenipotezea hela ya viatu, lakini afadhali."

Majira ya kuchipua, kwenye harusi ya watu wa bondeni, Blagoje alianguka na ngoma yake katikati ya wimbo. Mshipa ulipasuka kichwani. Gari la wagonjwa lilipofika hapakuwa na wa kupelekwa. Maiti kwetu huvishwa viatu vizuri, na Blagoje hakuwa na vipya vingine, kwa hiyo alivishwa vile vikubwa. Persida, mkewe Svetozar, alivijaza magazeti ili visimtoke.

Kwenye msiba ule Svetozar alifikia uamuzi wake: kaka yake ameuawa na karatasi. Angemeza tu na kufumba macho, angekuwa hai. Basi presha ya Svetozar mwenyewe ilipogundulika mwaka huohuo, alikula kiapo. Kidonge kila asubuhi, bila kukosa, na karatasi ya ndani ya boksi inakwenda moja kwa moja kwenye jiko la kuni. Ilikuwa karatasi nyembamba, nzuri kwa kuwashia moto.

Kikohozi kilianza majira ya baridi. Hakikuwa na makohozi wala homa. Ulikuwa ni mtekenyo tu kooni, kama umemeza unyoya, kisha anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Kilimjia akilala, kilimjia akicheka, na kibaya zaidi, kilimjia akivuta pumzi ili apige tarumbeta.

Persida hakuhitaji daktari kujua chanzo. Kwetu kila mtu anajua kwamba upepo unaopita ndani ya nyumba, kutoka dirisha hili kwenda mlango ule, umeua watu wengi kuliko vita.

"Nilikwambia usisimame kati ya mlango na dirisha!"

"Dirisha lilikuwa limefungwa."

"Na mlango?"

"Nilikuwa naingia, Persida! Ningeingiaje bila kufungua mlango?"

"Ungeingia haraka."

Akaziba kila upenyo wa dirisha kwa matambara. Akabandika karatasi kwenye tundu la ufunguo. Usiku alimvalisha mumewe soksi zilizoloweshwa rakija, ile pombe yetu kali ya plamu, akampaka kifuani mafuta ya nguruwe, akamnywesha maji ya kitunguu na asali. Nyumba ikawa na joto la kupikia mkate na harufu ya kilabu. Kikohozi hakikubanduka.

Mara moja tu Svetozar alipata wazo la maana. Ilikuwa kilabuni, ameketi na Radisav, jitu la watu linalopiga baragumu la besi katika bendi.

"Hivi, Radisav, haiwezi kuwa ni vidonge hivi vya presha?"

Radisav akaingiza mkono mfukoni, akatoa boksi lilelile, rangi ileile, akaliweka mezani.

"Mimi namezaga hivihivi tangu zamani. Unanisikia nikikohoa?"

"Sikusikii."

"Basi, bwana we. Umepigwa na upepo. Tena inaonekana umekupiga mpaka kichwani."

Wote wakacheka, Svetozar akicheka na kukohoa, na uchunguzi ukaishia hapo.

Daktari hakumwona. Kwenye kituo cha afya dawa za kila mwezi alizifuata Persida, zikisainiwa na kutolewa dirishani, na hakuna aliyeuliza mzee anaendeleaje. Svetozar mwenyewe hakutaka kuulizwa. Baba yake alikuwa mchimba madini na alikufa kwa mapafu, akikohoa kwenye chumba kilekile anacholala Svetozar sasa. Akipigwa picha ya kifua watamkuta na ugonjwa huohuo, alijua, na maadamu hajapigwa picha, bado hana. Aliogopa. Alikuwa mtu wa kucheza na kucheka mbele ya maelfu, lakini usiku, akiwa amelala na soksi zake za rakija, aliogopa kama mtoto.

Ilifika siku ya ubatizo fulani, katikati ya wimbo ambao amepiga maisha yake yote, mtekenyo ukamkamata pabaya. Tarumbeta ilitoa mlio wa bata. Watoto wakacheka, wazazi wao wakatazama sahani zao. Svetozar aliifuta tarumbeta, akaiweka kwenye kasha, akamwambia Radisav aongoze bendi kuanzia hapo. Wiki hiyo alikwenda kwa mchonga mawe mjini Leskovac na picha yake nzuri mkononi.

Persida aliliona jiwe limeshasimamishwa. Alilipapasa uso, akaangua kilio.

"Wewe mzee umejizika mwenyewe. Na mimi je? Unaniacha na nani?"

"Nimekupunguzia kazi, mama," alisema Svetozar, lakini mzaha ulimkauka mdomoni.

Huenda ingekuwa hivyo mpaka mwisho kama Mzee Ognjan asingefariki. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha Svetozar tarumbeta, akimchapa vidole kila alipokosea, na kabla ya kufa aliacha neno: kaburini anipigie Svetozar, asiwe mtu mwingine. Ombi la maiti halikataliwi. Svetozar akaitoa tarumbeta chini ya kitanda, akanywa asali nusu chupa, akaenda.

Mtoto wa pekee wa Mzee Ognjan ni Nevenka, yule daktari anayesaini dawa kwenye kituo chetu cha afya. Alisimama ukingoni mwa kaburi, amevaa nyeusi, mshumaa mkononi. Svetozar alianza vizuri. Wimbo ulipanda, wanawake wakaanza kulia, na alipovuta pumzi ya kupandia ile sehemu ya juu kabisa, unyoya ukamtekenya. Alikohoa. Akajaribu tena, akakohoa tena, ameinama, tarumbeta imegusa udongo. Radisav akadakia wimbo kwa baragumu lake, akaumaliza alivyoweza. Daktari Nevenka hakuwa analitazama kaburi tena. Alikuwa anamtazama Svetozar.

Watu walipoanza kula ngano tamu iliyochemshwa kwa ajili ya marehemu na kumwagia kaburi divai, Svetozar alimwendea kichwa chini.

"Nisamehe, daktari. Nimemharibia mzee safari yake."

"Unakohoa tangu lini?"

"Leo ni siku ya baba yako, tusizungumze..."

"Baba hana haraka tena. Nimekuuliza, tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi."

"Makohozi?"

"Hakuna."

"Damu? Umekonda?"

"Nikonde vipi, daktari? Persida ananilisha kama nguruwe wa Krismasi."

"Na vidonge vya presha bado unameza?"

"Kila asubuhi! Naapa kwa kaburi la kaka yangu, sijaruka hata kimoja."

Daktari akafumba macho kidogo, mshumaa ukimdondokea mkononi.

"Jumatatu uje kwangu. Wewe mwenyewe, si mkeo. Na vidonge usiviache. Umenisikia, Mzee Svetozar? Usije ukaviacha."

Jumatatu alikwenda, amenyoa, amevaa suti, kama anayekwenda kusomewa hukumu. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwandikia picha ya mapafu, halafu akachukua boksi la dawa, akakunjua ile karatasi ndefu, akaweka kalamu kwenye mstari mmoja.

"Soma."

"Mimi hizo sisomi."

"Soma huo mmoja tu."

Svetozar akavaa miwani. Iliandikwa: kikohozi kikavu kisichokoma. Akasoma tena, akidhani ataona kitu kingine.

"Lakini Radisav anameza hivihivi!"

"Radisav akila pilipili kali analia?"

"Yule? Anazila kama matufaha."

"Na wewe?"

"Mimi nalia nikiziona."

"Basi. Dawa ni moja, mwili si mmoja. Wengi wanaimeza hii wala hawajui kama inakohoza watu. Wewe ni mmoja wa wale wachache. Si hakika bado, ndiyo maana nataka picha, lakini nadhani ni hiyo."

Hasira zikampanda Svetozar.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia kwamba unakohoa?"

"Mimi nilikuja kwa presha! Sikuja kwa kikohozi!"

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa bado na macho mekundu ya msiba.

"Nilikuwa nasaini tu," akasema. "Mkeo anachukua, mimi nasaini. Ilinipasa nikuite, nikutazame, nikuulize dawa inakufanyaje. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Lakini nawe ulinyamaza."

"Nilidhani ukilalamikia dawa ndipo unapokufa. Kaka yangu alilalamika."

"Kulalamika hakukumuua. Kuacha dawa kimyakimya ndiko kulikomuua. Presha haimuumizi mtu, Mzee Svetozar, kwa hiyo mtu anadhani imekwisha."

Akamwandikia dawa ya aina nyingine, akamweleza kwamba kikohozi hakitaondoka kesho, kitachukua wiki kadhaa, na asikate tamaa wala asirudie soksi za rakija. Svetozar alishika karatasi, akafika mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa.

"Daktari. Blagoje, vile vyake, vilimvimbisha miguu. Hilo nalo ni la kweli? Au alilisoma tu?"

"Ni la kweli. Vile hufanya hivyo kwa baadhi ya watu."

"Na lingeweza kurekebishwa?"

"Ningempunguzia kipimo, au ningembadilishia kama nilivyokubadilishia wewe. Ni mambo ya kila siku haya." Daktari akamtazama. "Kwangu hakuja kamwe kusema. Alimwambia nani?"

Svetozar alirudi akakaa kwenye kiti. Alikaa pale muda mrefu, kofia magotini, na daktari akamwacha akae, ingawa benchi la nje lilikuwa limejaa watu.

Picha ya kifua ilitoka safi. Kikohozi kikaanza kupungua kwa kujivuta, siku mbili nzuri, siku moja mbaya, mpaka ikafika asubuhi Svetozar akatambua amelala usiku kucha. Persida alitangaza kijiji kizima kwamba ni matambara ya dirishani yamemponya, na mpaka leo hakuna wa kumtoa hapo. Svetozar hakubishana naye. Alichukua tarumbeta, akaingia kwenye banda la nyasi, akaipiga taratibu, akapanda mpaka ile sehemu ya juu kabisa. Sauti ikatoka nzima. Majirani waliosikia wanasema alipiga mara moja, akanyamaza, na alipotoka alikuwa amelia. Furaha ilikuwepo, ndiyo, lakini kila alipofurahi alikumbuka utepe mwekundu.

Ikaja Jumamosi ya marehemu, majira ya majani kupukutika, siku ambayo kijiji kizima huhamia makaburini na mikate, mishumaa na chupa. Watu walipita kwenye jiwe la Svetozar wakimtania, wengine wakimwekea mshumaa, yeye akiuzima na kuwarudishia. Kisha akaita bendi yake yote kwenye kaburi la Blagoje, akamimina rakija kwa kila mtu, na kabla hawajanywa akasema, "Kila mmoja aseme anameza dawa gani na inamfanya nini."

"Umekuwa daktari?" akauliza mmoja.

"Sema, la sivyo siku yako nitakupigia wimbo wa kuuzia ng'ombe."

Wakacheka, wakaanza mmoja mmoja. Huyu anaamka kukojoa usiku kucha. Yule midomo inamkauka hawezi kupuliza ala. Mwingine akisimama ghafla anaona giza. Walikuwa wanapiga pamoja tangu vijana, na hakuna aliyejua la mwenzake. Ikafika zamu ya Radisav. Aligeuza glasi mkononi, uso mwekundu.

"Vile vya pili nilivyoongezewa," akasema chini chini. "Tangu hapo kitandani... sifai. Mke wangu anadhani nina mwanamke mjini."

Mtu mmoja akaguna kicheko puani. Svetozar akamgeukia kwa ukali ambao hawakuwahi kuuona kwake.

"Usicheke! Mimi nilicheka."

Radisav alikuwa anatazama chini, mabega yale makubwa yameanguka.

"Jumatatu tunakwenda wote wawili," Svetozar akamwambia. "Mimi nitakaa nje kwenye benchi. Na mpaka hapo usiache kumeza."

"Kwa daktari mwanamke?"

"Kwa daktari mwanamke. Utatazama ukutani."

Halafu akainama, akamwagia kaka yake sehemu yake ya rakija, polepole, mahali ambapo miguu ingekuwa. Alikuwa na tarumbeta kwapani, na wenzake wakangoja aanze kupiga. Lakini kwanza aliongea, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoongea na mtu wa upande wa pili wa meza.

"Wewe ulisema, kaka. Ulisema mbele yangu, mezani kwangu, si mara moja. Mimi nikakununulia viatu."